Kabla ya Kisu cha Pili: Jasho Lililokatwa Linaporudi

Wagonjwa wengi waliofanyiwa upasuaji wa kukomesha jasho la viganja husimulia jambo moja: walizinduka kutoka kwenye nusu kaputi wakiwa na mikono mikavu, yenye joto, pengine kwa mara ya kwanza tangu wakiwa shule ya msingi. Ndiyo maana jasho hilo likirudi, baada ya miezi au miaka, huuma kuliko lilivyouma mwanzo. Daftari linalowa tena. Kioo cha simu hakisikii kidole. Kabla ya kumpa mtu mkono, kiganja kinapitishwa kwanza kwenye suruali. Na wazo linalomjia mhusika huwa ni lile lile: arudi kwa daktari, akatwe tena.

Kwa wengine hilo ndilo jibu. Kwa wengine ni njia ya kuongeza tatizo la pili juu ya la kwanza. Kinachowatenganisha si ukali wa jasho wala uwezo wa kulipa, bali swali ambalo wagonjwa wengi hawaliulizi na baadhi ya madaktari hulipita haraka: jasho lililorudi ni lipi, na limerudi wapi?

Upasuaji wenyewe si mgeni. Madaktari wa Ulaya walikuwa wakikata neva kwa ajili ya jasho tangu mwaka 1920, enzi ambazo kifua kilipasuliwa kwa mkato mrefu na mgonjwa akalala hospitali kwa wiki. Kilichobadilisha mambo miaka ya 1990 ni kamera. Mji wa Borås nchini Sweden na hospitali kadhaa za Taiwan zilijipatia jina kwa kuwahudumia wagonjwa wengi kwa matundu madogo, na wengi wao walikwenda nyumbani siku ya pili.

Neva zinazohusika huitwa simpathetiki. Zimejipanga kama mnyororo kila upande wa uti wa mgongo, zikipita juu ya vichwa vya mbavu, chini ya utando mwembamba unaofunika ukuta wa kifua kwa ndani. Daktari hutoboa tundu moja au mawili karibu na kwapa, hulisinyaza pafu la upande huo, kisha kwa kuangalia kwenye skrini huukata mnyororo huo, huuunguza, au huubana kwa klipu ya titani, mara nyingi juu ya ubavu wa tatu au wa nne. Akimaliza upande mmoja, huhamia wa pili. Viganja vilivyokuwa baridi hupata joto hapo hapo mezani. Baadhi ya timu huweka kipimajoto kwenye kiganja, na joto likipanda hujua wamegusa panapostahili.

Mwaka 2011 jopo la Jumuiya ya Madaktari wa Upasuaji wa Kifua ya Marekani lilipendekeza kwamba kila daktari aandike alikata juu ya ubavu wa ngapi, badala ya kila mmoja kutaja vifundo vya neva kwa mtindo wake. Linaonekana kama jambo la makaratasi tu. Lakini ndilo linalomwezesha daktari wa pili kujua wa kwanza alipita wapi, na bila hilo upasuaji wa marudio huanza kwa kupapasa.

Sasa turudi kwenye swali la jasho lipi.

Lipo jasho linalojitokeza katika juma la kwanza, mara nyingi siku ya tatu au ya nne. Mikono iliyokauka hospitalini hulowa ghafla nyumbani, mgonjwa akaishiwa nguvu. Hilo kwa kawaida si kurudi kwa ugonjwa. Ncha za neva zilizokatwa hutoa mabaki ya kemikali iliyokuwa ikiziamsha tezi za jasho, kisha zikanyamaza. Baada ya siku chache mikono hukauka yenyewe. Asiyeambiwa hili mapema hupoteza usingizi bure, na kusema kweli ni kosa la aliyemwandaa kwa upasuaji.

Lipo jasho la fidia, na hili ndilo linalochanganya watu kuliko yote. Mikono inabaki mikavu kabisa, lakini mgongo, tumbo, kifua na mapaja vinaanza kutiririka. Shati linagandamana na ngozi kabla ya saa nne asubuhi. Mgonjwa husema "jasho limerudi", na kwa upande wake ni kweli, kwa maana analowa. Ila halikurudi, hili ni jipya, na limeletwa na upasuaji wenyewe. Ndilo athari ya kawaida kuliko zote baada ya kukata mnyororo wa simpathetiki. Tafiti zimetoa viwango vinavyopishana mno, kuanzia asilimia chache hadi zaidi ya 90, kwa sababu kila timu ilipima kwa namna yake na katika hali ya hewa yake. Wengi hupata la kuvumilika. Wachache hupata la kuwafanya wajutie siku waliyosaini fomu ya ridhaa. Mwaka 2004 mamlaka za afya za Taiwan, nchi iliyokuwa na uzoefu mkubwa wa upasuaji huu, ziliukataza kwa walio chini ya miaka 20, na jasho la fidia lilikuwa kiini cha malalamiko.

Hali ya hewa ina neno hapa. Mtu aliyefanyiwa upasuaji akiishi Arusha au Nairobi, kisha akahamishiwa kazi Dar es Salaam, Mombasa au Muscat, anaweza kuona mgongo wake ukilowa kwa kiwango ambacho hakukijua. Si kwamba neva zimeungana. Ni joto na unyevunyevu wa hewa vimekutana na mwili ambao sehemu yake ya juu haitoi tena jasho la kuupoza, hivyo sehemu nyingine zinabeba mzigo.

Mwenye jasho la fidia akikatwa tena kwa mtindo ule ule, juu au chini ya pale pa kwanza, anategemewa kulowa zaidi. Hapo hakuna mjadala mrefu.

Jasho jingine halina uhusiano wowote na neva zilizokatwa. Mwili mzima unatoka jasho, au shuka linalowa usiku. Dalili moja kuu ya jasho lisilotokana na ugonjwa mwingine, lile la viganja, nyayo na makwapa linaloanza utotoni au ujanani, ni kwamba hukoma mtu akilala. Anayelowa usingizini anatakiwa kupimwa, si kupasuliwa. Katika mazingira yetu kifua kikuu kinakuja kichwani kwanza, hasa kama kuna kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni na kupungua uzito. VVU, malaria, kisukari kwa mtu ambaye sukari yake hushuka, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, saratani za tezi za limfu, kukoma kwa hedhi: vyote hivi hutoa jasho. Dawa pia. Baadhi ya dawa za sonona na tramadol, ambayo vijana wengi mijini huinunua bila cheti, ni miongoni mwake. Vipimo vya damu, picha ya kifua na dakika kumi za maswali ya daktari vinaweza kuokoa fedha nyingi na kifua kizima.

Linabaki jasho lililorudi kweli: viganja vile vile, vilivyokuwa vikavu, vimelowa tena, au kiganja kimoja hakikukauka hata siku moja. Huyu ndiye mtu ambaye upasuaji wa pili unamhusu.

Kuna njia rahisi ya kuhakikisha, na haihitaji mashine ya bei. Mwaka 1928 daktari Victor Minor alieleza kipimo ambacho bado kinatumika: ngozi iliyofutwa hupakwa iodini, ikikauka hunyunyiziwa wanga, na palipo na jasho hugeuka bluu iliyokoza, karibu na nyeusi. Kipimo hiki huchora ramani ya jasho mbele ya macho ya mgonjwa na daktari. Mara kadhaa aliyedai kwamba "kila mahali pamerudi" huonekana ana mikono mikavu na kifua chenye jasho. Kushikana mikono tu pia husema mengi. Kama kiganja cha kushoto ni kikavu chenye joto, na cha kulia ni baridi na kimelowa, kuna uwezekano mkubwa kwamba upande wa kulia haukukatwa sawasawa.

Haukukatwaje? Sababu zinajulikana, na kila mojawapo ina maana tofauti kwa anayefikiria kurudi chumba cha upasuaji.

Ya kwanza ni kukosea ubavu. Ubavu wa kwanza kabisa mara nyingi hauonekani vizuri kwa kamera, hivyo anayehesabu haraka anaweza kuuita wa tatu ule ambao kwa hakika ni wa nne. Mafuta yanayofunika mbavu huongeza ugumu. Upande wa kulia kuna mshipa mkubwa wa damu, wa azigosi, ambao matawi yake hupita juu ya mnyororo; daktari mwangalifu akiona damu iko karibu hukata kidogo kuliko alivyokusudia, na hakuna wa kumlaumu.

Nyingine ni njia za kando. Mwaka 1927 mtaalamu wa anatomia wa Marekani, Albert Kuntz, alieleza nyuzi zinazotoka kwenye neva ya ubavu wa pili na kupanda kwenye neva za mkono bila kupitia mnyororo mkuu pale unapokatwa. Si kila mtu anazo, na ukubwa wake hutofautiana. Kwa aliye nazo, mnyororo unaweza kukatwa vizuri kabisa na amri ya kutoa jasho ikafika kiganjani kwa mlango wa nyuma. Kwa sababu hiyo madaktari wengi huendelea kuunguza sentimita chache kando ya mnyororo, juu ya ubavu.

Halafu kuna neva kuota upya. Zikikatwa tu bila ncha kutenganishwa, zinaweza kutafutana na kuungana. Jasho la namna hii halirudi kwa kishindo. Huanza kwa unyevu mdogo kwenye ncha za vidole, likaongezeka mwezi hadi mwezi.

Na hapa kwetu lazima itajwe historia ya kifua kikuu au usaha kifuani. Magonjwa hayo huacha pafu limegandamana na ukuta wa kifua. Kamera ikiingia hukuta makovu badala ya nafasi, na daktari hulazimika kuacha upande huo au kuufanya nusu. Wapo watu waliofanyiwa upande mmoja tu wakaambiwa maelezo ya haraka wodini wakiwa bado na usingizi wa dawa, wakatoka hospitali bila kuelewa.

Upasuaji wa pili unafanyika, na unafaulu kwa wengi waliochaguliwa vizuri. Mwaka 2001 daktari Lin wa Taiwan alichapisha uchambuzi wa wagonjwa 42 waliorudiwa kwa kamera kwa ajili ya jasho la viganja. Timu za Marekani na za Odense nchini Denmark nazo zimechapisha za kwao. Yanayojitokeza kwa ujumla ni kwamba marudio mengi yanaweza kufanyika kwa matundu madogo bila kupasua kifua, kwamba viganja vingi hukauka, lakini matokeo si ya uhakika kama ya mara ya kwanza na shida za baada ya upasuaji ni nyingi zaidi.

Sababu ni makovu. Hata mtu ambaye hakuwahi kuugua kifua anayo sasa, yameachwa na upasuaji wa kwanza. Kuyatenganisha kunaweza kutoboa pafu, hewa ikavuja, na mrija wa kifuani ukabaki kwa siku kadhaa. Kuna kutoka damu. Kuna maumivu ya neva za mbavu yanayoweza kudumu kwa wiki au miezi. Na kwa kuwa marudio mara nyingi hulazimisha kupanda juu zaidi, kutoka ubavu wa nne kwenda wa tatu au wa tatu kwenda wa pili, kisu hukaribia kifundo cha neva kinachohudumia jicho. Kikiguswa, kope hushuka na mboni husinyaa upande mmoja, hali iitwayo Horner. Kwa wengine hupona. Kwa wengine hubaki usoni daima. Juu ya hayo yote, kupanda juu huongeza nafasi ya jasho la fidia.

Kwa hiyo kisu cha pili kinafaa kuzungumzwa pale ambapo mambo haya yamekutana: viganja ndivyo vinavyolowa, kipimo kimeonyesha hivyo; ripoti ya kwanza au dalili za mwili zinaonyesha kwamba kuna neva iliyobaki au iliyoungana; jasho la fidia lililopo ni dogo; na tiba zisizo za kisu zimejaribiwa kwa uaminifu. Vilevile muda uwe umepita, angalau miezi sita, ili ijulikane ni nini kimetulia na nini kimebaki. Aliyelowa makwapa au uso tu baada ya upasuaji wa kwanza afikirie mara tatu, kwa kuwa faida ya kukata kwa maeneo hayo ni ndogo kuliko kwa viganja.

Neno "uaminifu" hapo juu halikuwekwa kwa bahati mbaya. Wagonjwa wengi husema walijaribu kila kitu, na ukiuliza unakuta walipaka dawa siku nne. Losheni ya kloridi ya alumini ya asilimia 20 hupakwa usiku kwenye ngozi iliyokauka kabisa, ikaoshwa asubuhi, kila siku hadi ngozi ikauke, kisha mara moja au mbili kwa wiki. Ikipakwa kwenye ngozi yenye unyevu huwasha, na hapo ndipo watu huitupa.

Tiba ya maji na umeme mdogo ni rafiki mkubwa wa viganja na nyayo. Mgonjwa huweka mikono kwenye beseni mbili za maji ya bomba zilizounganishwa na kifaa maalumu, dakika 20 hadi 30, mara tatu kwa wiki mwanzoni, baadaye mara moja kwa wiki au chini ya hapo. Haifai kwa mjamzito wala mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo. Na mtu asithubutu kuitengeneza nyumbani kwa waya wa ukutani, hata fundi wa mtaa akijiamini vipi.

Vidonge vya oksibutinini, ambavyo hospitali nyingi huvijua kama dawa ya kibofu, vimebadilisha mazungumzo haya. Nelson Wolosker na wenzake wa São Paulo, Brazil, waliviweka mbele ya upasuaji baada ya kuona zaidi ya asilimia 70 ya wagonjwa wa viganja na makwapa wakipata nafuu, na timu hiyo imevitumia pia kwa watu waliopata jasho la fidia baada ya kukatwa. Huo ni ubora ambao kisu hakina: kidonge hutuliza la zamani na jipya kwa pamoja. Gharama yake ni kinywa kikavu, wakati mwingine kufunga choo na mkojo kutoka kwa shida. Mwenye presha ya macho ya aina fulani hatakiwi kuvitumia bila daktari wa macho kujua. Na katika joto la pwani, anayefanya kazi juani akinywa dawa ya kupunguza jasho la mwili mzima anaweza kuzidiwa na joto, hivyo aanze kwa dozi ndogo na kivuli kiwe karibu.

Sindano za Botox, zilizoidhinishwa Marekani kwa makwapa mwaka 2004, hukausha kwa miezi kadhaa. Viganjani huuma sana na huweza kulegeza mshiko kwa muda, jambo la kufikiria kwa fundi cherehani au fundi wa simu.

Wanaouliza kama upasuaji wa kwanza unaweza kurudishwa nyuma waelezwe bila kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Daktari Timo Telaranta wa Finland alieleza mwaka 1998 namna ya kuunganisha mnyororo uliokatwa kwa kipande cha neva kutoka mguuni, na wengine wamefuata nyayo zake. Matokeo hayatabiriki. Klipu zinaweza kuondolewa, lakini neva iliyobanwa kwa muda mrefu haina wajibu wa kuamka.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, safari huanzia kwa daktari wa ngozi, si kwa wakala wa matibabu ya nje. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko hospitali ya KCMC, Moshi, kilichoanza mwaka 1992, kimesomesha wataalamu waliosambaa katika nchi nyingi za bara hili, na wengi wanaweza kufanya kipimo cha iodini na kuanzisha dawa. Daktari wa upasuaji wa kifua aje baadaye, na maswali ya kumpelekea ni machache: amewahi kufanya marudio, si ya kwanza tu? Atakata juu ya ubavu wa ngapi, na kwa nini? Akikuta makovu mazito, ataacha au atafungua kifua? Atafanya pande zote mbili siku moja? Daktari anayejibu "usijali" kwa maswali hayo hajayajibu.

Wanaokwenda India au kwingineko wakumbuke pia ndege. Hewa iliyobaki kifuani hutanuka angani. Mwongozo wa madaktari wa kifua wa Uingereza unataka zipite angalau siku saba baada ya picha kuonyesha kwamba hewa imekwisha ndipo mtu apande ndege, na pafu lililotobolewa wakati wa kutenganisha makovu linaweza kuichelewesha picha hiyo. Tiketi ya kurudi isiyobadilishika tarehe ni akiba mbaya.

Na ambaye mikono yake bado ni mikavu baada ya upasuaji wa kwanza ana kazi ndogo ya kufanya wiki hii: aombe nakala ya ripoti ya upasuaji wake, yenye namba ya ubavu na maelezo ya kila upande, wakati hospitali bado inalo faili lake.